Uso wa Kijapani Kwenye Matimba ya Mzee Jilala

Jumamosi iliyopita tulimwacha Akida ameshuka kwenye bodaboda pale Mwakitolyo, helmeti bado kichwani, anatazama mdomo wa duara la mzee Jilala, shimo lake la kuchimbia dhahabu. Kwenye gogo la kwanza la shimo kulikuwa na uso mweupe, na uso ule ulikuwa unamcheka. Aliyekosa gazeti la wiki hiyo asihuzunike. Atembee nasi tu, atayashika njiani.

Uso wenyewe ulikuwa huu: ツ.

Vistari viwili vya macho, na mstari mmoja mrefu uliopinda ukawa mdomo. Rangi ya mafuta, nyeupe, iliyopakwa kwa brashi ya kupakia milango. Akida aliutambua kama mzazi anavyomtambua mwanawe kwenye benchi la polisi. Alitamani kusema huyu simjui. Lakini ulikuwa wake.

"Nasibu yuko wapi?" aliuliza.

Rebeka, mama lishe wa duara lile, alikuwa anageuza chapati. Yeye mwenyewe hakugeuka.

"Siku hizi huko bwenini shikamoo mmeifuta?"

"Shikamoo, Mama Blessing."

"Marahaba. Nasibu yuko chini. Wote wako chini. Vua hilo likofia ukae ule, umekonda kama mgonjwa wa mapenzi."

"Na mvua?"

"Mvua gani tena? Tangu juzi ilikuwa haipumui. Imetuachia alfajiri hii."

Akida hakukaa. Chapati za Rebeka zilikuwa zinasifiwa mpaka Kahama, na siku ile zilimnukia kama dawa ya minyoo.

Sasa, kwa faida ya mahakama, tueleze kosa la mshtakiwa.

Akida ni kijana wa Shinyanga mjini, mtoto wa muuza vitenge, kidato cha tatu shule ya bweni. Shuleni kwao kuna mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Japani. Hisabati Akida aliisikiliza kwa sikio moja. Lakini siku mwalimu alipoandika ubaoni herufi za kwao, aliyatega yote mawili, maana mojawapo ilikuwa inacheka. Darasa zima likacheka nayo. Mwalimu akashangaa, kisha akaelewa. Akasema kwao hakuna anayeona uso pale. Wanasoma "tsu" na kuendelea na safari. Uso wameuona watu wa nchi nyingine, wakaubandika kwenye simu zao. Akida naye akaubandika, mwishoni mwa jina lake.

Likizo ilipoanza alikwenda machimboni kumtembelea Nasibu, mtoto wa mama yake mdogo. Mzee Jilala, mwenye duara, akauona ule uso kwenye simu. Akauliza ni nini.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

"Mzee," Akida alisema siku ile, kwa uso wa mtu anayesoma risala msibani, "huu ni mhuri wa wachimbaji wa Japani. Gogo lenye uso huu halivunjiki. Mlima unalilalia, lenyewe linatabasamu."

Nasibu alikuwa nyuma yake, ameng'ata mkono wa shati asicheke. Alipopata pumzi akaongeza, "Kweli mzee. Hata bweni lao limechorwa. Tetemeko lilipita, vitanda vikaanguka, ukuta ukabaki."

Walicheka mpaka kituo cha bodaboda. Akida akarudi mjini, akawasimulia wenzake wa shule kwenye simu, wakamvisha taji. Kisha juzi Nasibu akamtumia picha: magogo ya duara, kila moja na uso wake mweupe. Chini yake ameandika, "Mhuri umegongwa. Mzee Ngassa amestaafu."

Kwenye neno hilo la mwisho kicheko cha Akida kilikatika kama umeme.

Maana Ngassa ndiye aliyekuwa masikio ya duara lile. Magogo yanayozuia kuta za shimo, ambayo wachimbaji huyaita matimba, yana tabia ya kuoza kimyakimya. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushuka, Ngassa alishuka peke yake na nyundo. Aligonga timba moja moja, akaweka sikio. Timba zima hujibu; bovu hunyamaza. Palikuwa na mwiko pale: hakuna aliyegusa chai mpaka Ngassa apande, aseme, "Nyumba ni nzima." Rebeka mwenyewe hakufunua birika.

Na sasa Ngassa alikuwa wapi? Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anacheza drafti ya vizibo vya soda, mkono wake wa kushoto dhidi ya wa kulia.

"Shikamoo, guku," alisema Akida. Guku kwa Kisukuma ni babu.

"Marahaba. Usinisemeshe, huyu wa kushoto ni mwizi."

"Guku Ngassa, leo umegonga?"

"Nigonge nini? Kuna Mjapani anashika zamu."

"Nakuomba ushuke ugonge."

Ngassa alisogeza kizibo. "Kijana, masikio haya yamesikiliza matimba tangu baba yako hajajua kuvaa suruali. Nikaambiwa pumzika, tumepata katuni. Nimepumzika. Mwenye duara ndiye anayejua."

Kila neno lilimchoma Akida mahali pake. Alitaka kusema, katuni ni mimi. Akaitazama bodaboda. Lakini aliyetoka Shinyanga na giza la alfajiri, nyuma ya dereva anayepiga miluzi, akimwapia Mungu kwamba hatasema uongo tena maishani mwake, hawezi kurudi bila kujaribu hata mara moja.

Mzee Jilala alitokea nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, anajifuta vumbi kwa kofia.

"Ngosha," alisema kwa furaha, maana kwa Msukuma kila mwanamume ni ngosha, "umekuja kuona kazi yako. Tazama inavyopendeza. Jana, na mvua yote ile, watu wa Geita walikuja hapa kuipiga picha."

"Shikamoo mzee. Mzee, watoe watu shimoni."

"Kuna nini?"

"Ule uso hauna maana yoyote. Nilikudanganya. Ni herufi tu. Inasomwa tsu."

"Tsu ndiyo nini?"

"Siyo kitu. Ni sauti. Kama sisi tunavyosema ba."

"Ba ni mwanzo wa baba," alisema Jilala. "Tsu ni mwanzo wa nini?"

Neno la Kijapani alilolijua Akida lenye mwanzo ule lilikuwa moja tu, nalo ni tsunami. Si neno la kulitamka mbele ya shimo baada ya mvua.

"Umenyamaza," alisema Jilala.

"Mzee, ulikuwa utani. Mimi na Nasibu."

Furaha ilikuwa inatoka usoni mwa mzee taratibu. Ikaingia shaka.

"Siku ile ulisimama hapo hapo. Ukasema bila kupepesa. Leo unakuja mbio, huku unatokwa jasho, unasema niwatoe watu. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Watu wa duara la ng'ambo walikuja kuniomba huo mhuri nikawanyima. Sasa leo mhuri ni utani. Wamekununulia simu gani?"

"Mzee, wallahi."

"Tangu nichore, kokoto halijadondoka. Mvua yote hii, duara la ng'ambo limemeguka mdomo, langu limetulia. Hiyo nayo ni herufi?"

Rebeka alisema kutoka jikoni kwake, "Mzee, mtoto amekonda. Mtu wa uongo huwa ananenepa."

"Wewe geuza chapati."

Basi ukweli ulikuwa umekuja na bodaboda kutoka Shinyanga, umepokelewa, umekalishwa, na umetolewa nje. Akida alisimama mdomoni mwa duara, akachungulia. Halikuwa refu, mtu wa juu na wa chini walisikilizana bila simu. Alisikia sururu zinagonga mwamba. Alimsikia Nasibu anaimba kwa sauti yake mbaya. Na ukutani, kati ya timba la kwanza na la pili, maji mekundu yalikuwa yanashuka, membamba kama uzi.

Akalitazama timba la pili. Uso wake ulikuwa huu: シ.

Mzee Jilala alinakili kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wa mzee ulichoka baada ya uso wa kwanza. Macho yalikuwa yameteleza yakakaa ubavuni, moja juu ya jingine, na mdomo umepindia upande. Kwa mtu wa Mwakitolyo ni uso ule ule, umelalia mto. Kwa mwalimu wa hisabati ni herufi nyingine kabisa.

Akida alihisi wazo linakuja. Alilijua wazo lile kwa harufu. Alikuwa ameapa. Alisikiliza tena sururu, akasikia wimbo wa Nasibu, na kiapo chake akakiona kidogo sana.

"Mzee," alisema, na sauti yake ikawa nzito, ya msibani. "Huu nani kachora?"

"Mimi."

"Macho yamekaa wapi?"

Jilala alichungulia. "Ubavuni."

"Ya kwanza yamekaa wapi?"

"Juu."

"Basi huu siyo ule. Huu ni mwingine. Unasomwa shi."

Hadi hapo, msomaji, kijana alikuwa hajasema uongo. Angeweza kusimama hapo.

"Na huo shi unafanya kazi gani?" aliuliza Jilala, kwa sauti ndogo.

"Unafungua kile kilichofungwa na wa kwanza."

Mzee Jilala hakuuliza swali lingine. Alirukia kamba, akaitikisa kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka karasha likazimwa. "Pandeni. Acheni mawe. Acheni kila kitu. Pandeni."

Wakapanda. Walitoka mmoja mmoja, wamepakwa tope mpaka kope, wanauliza kuna nini. Jilala aliwaeleza: uso umekosewa, kijana ameona, Mungu amemleta. Mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alimshika Akida mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja sana, ngosha. Nina watoto wadogo."

Akida alitamani ardhi immeze, kisha akakumbuka amesimama wapi, akaacha kutamani.

Aliposema kweli aliitwa msaliti. Aliposema uongo alishukuriwa na baba wa watoto wadogo. Rebeka alimletea chai bila kuombwa, ya tangawizi, na akaipuliza kwanza ipoe. Akaishika ile glasi mkononi, hakuweza kuinywa. Mpigwa fimbo paredi huwa anajua fimbo inaishia wapi. Huku kushukuriwa kulikuwa hakuna mwisho.

"Guku," alimwambia Ngassa, "sasa gonga. Nakuomba."

Ngassa alimtazama Jilala. Jilala aliinamisha kichwa. Ngassa akaacha vizibo vyake, akavua nyundo iliyoning'inia shingoni, akashuka vidato viwili vitatu huku wachimbaji wawili wamemshikia kamba.

Alilipiga timba la kwanza. Likajibu.

Alilipiga la pili. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama amepiga godoro. Akaweka sikio, akapiga tena, kisha akabonyeza kwa kidole. Kidole kikaingia mpaka pingili ya pili, kama kwenye mkate uliochovywa chai.

"Limeoza," alisema Ngassa. "Limeoza zamani. Ningelisikia siku ile ile mvua ilipoanza."

Alisema bila kumlaumu mtu. Kisha akabaki kwenye kidato, amelishika lile timba kwa kiganja, na sauti ikapungua. "Na mimi nilinuna. Mtu mzima, nikanuna kwa ajili ya katuni. Ningeshuka tu, nani angenizuia?"

Wachimbaji walikuwa hawamtazami Ngassa. Walikuwa wanamtazama Akida, na macho yao yalikuwa makubwa.

"Uso umesema kweli," alinong'ona mmoja. "Timba lililokosewa ndilo hilo hilo lililooza."

"Bila huyu kijana tungekuwa tumeliwa."

Mzee Jilala alikuja na kopo la rangi. Akatumbukiza brashi, akaipangusa ukingoni kwa adabu, akamnyooshea Akida mpini.

"Tutaweka gogo jipya. Safari hii utachora wewe mwenyewe. Ule wa kufunga."

Akida aliitazama brashi. Rangi ilidondoka kwenye kiatu chake cha shule.

"Mzee, hakuna wa kufunga. Hakuna wa kufungua. Nilidanganya mara ya kwanza nicheke, na sasa hivi nimedanganya mpande. Kinachowalinda ni sikio la huyu guku, basi."

Wachimbaji walitazamana. Yule mwenye mvi kidevuni alitikisa kichwa kwa upole.

"Wenye kujua huwa hawajisifu," alisema. Na wote wakaitikia.

Pale ndipo Akida alipotaka kumwona Nasibu. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja ambaye angesema, jamani ni kweli, ulikuwa utani, na mimi nilikuwepo. Alimtafuta kati ya nyuso za tope. Akamtafuta tena.

"Nasibu yuko wapi?"

"Yuko chini," alisema mchimbaji kijana aliyepanda mwisho. "Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kupanda. Mzee alipoita tukamwambia, twende, uso umekosewa. Akauliza nani kasema. Nikamwambia Akida. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, mwambieni hii ya leo ni kali kuliko ile ya kwanza. Amebaki anachimba peke yake, anasema mwamba wote sasa ni wake."

Akida aliangusha glasi. Kati ya watu wote wa duara lile, uongo wake ulikuwa umewaokoa walioamini. Aliyebaki ni yule aliyejua.

Alipiga magoti mdomoni mwa shimo.

"Nasibu. Panda juu."

"Akida," sauti ilipanda, imejaa kicheko. "Umetoka mjini asubuhi yote hii kwa ajili ya hilo? Unastahili cheti."

"Timba la pili limeoza. Nakuapia."

"Kwa Kijapani au kwa Kisukuma?"

"Mzee Ngassa amegonga."

"Mzee Ngassa naye umemwingiza? Aa, hapo nakuvulia kofia."

Ngassa, ambaye alikuwa ameshapandishwa juu, aliinama. "Wewe mtoto, toka humo. Limeoza kweli."

Chini walisikia makofi. "Guku, hukunifahamisha kama unaigiza vizuri hivyo."

"Nasibu," Akida alisema, na machozi yakamtoka, na hakujali nani anaona. "Nasibu, mama mdogo atanitazamaje?"

"Na kilio pia kipo. Shule za bweni ni nzuri jamani. Siku ile uliponifungia kenge ndani ya begi ulilia hivyo hivyo kuomba msamaha, na nilipofungua begi nikakuta wa pili."

Ilikuwa kweli. Kulikuwa na kenge wa pili.

Udongo ulimeguka nyuma ya timba la pili, si mwingi, kama kiganja kimoja. Ulianguka ukasikika unafika chini. Nasibu alicheka hata hilo. "Mnatupa na mchanga. Kazi nzuri."

Akida alisimama, akajipangusa magoti. Aliushika ule mwisho wa kamba akaanza kujifunga kiunoni.

"Unafanya nini?" aliuliza Jilala.

"Hataniamini kwa mdomo. Hajawahi. Lakini anajua mimi ni mwoga. Mtu wa mzaha hawezi kujiweka yeye mwenyewe chini ya gogo bovu. Akiniona pale chini ataelewa."

"Huendi," alisema Ngassa. "Nitakwenda mimi."

"Wewe ukienda atakupigia makofi."

Rebeka alikuwa ameacha chapati zinaungua. Alimshika Akida bega, kisha akaliachia, maana alimwona usoni. "Usiguse ukuta," alisema tu. "Na usiongee njiani."

Wakamshusha. Akida hakugusa ukuta. Aliipita herufi ya kwanza, ikamcheka. Aliifikia ya pili, iliyolala ubavu, na ilikuwa karibu naye kiasi cha kuhesabu nyuzi za brashi kwenye rangi. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya mdomo wake. Nyuma ya gogo kitu kilikuwa kinasaga, polepole, kama mtu anayetafuna akiwa usingizini. Akafumba macho. Akaipita.

Chini hewa ilikuwa nzito. Nasibu alikuwa ameegemea sururu, tochi ya kichwani inawaka, meno yote nje, tayari kwa neno la kumtania. Mwanga wa tochi ukaangukia viatu vya shule, vina tone la rangi nyeupe. Ukapanda magoti yenye tope. Ukapanda mpaka usoni mwa Akida, ambaye hakuwa anacheka wala kulia tena.

Meno ya Nasibu yakafichika moja moja.

"Akida," alisema taratibu. "Umeshuka wewe?"

"Nimeshuka."

"Chini ya hilo gogo?"

Akida aliitikia kwa kichwa. Nasibu alidondosha sururu. Akamfikia kwa hatua moja, akaishika ile kamba juu ya mkono wa ndugu yake, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe alimtazama kama mtu mkweli.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Akida alifungua mdomo amjibu, na mwanga wote wa juu ukazimika.